Nguo Zilizotangulia Kurudi

Kiswere,
17 Januari 1993

Mdogo wangu Tekla,

Salamu zangu zikukute hapo Mtama ukiwa mzima, na kile kiuno ulichokilalamikia Krismasi kiwe kimeshapata adabu. Huku hatujambo. Wifi yako Adija anakusalimu. Amenenepa, ila usimwambie kwamba nimekuandikia. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Mimi bado mlinzi wa mashamba ya chumvi. Tajiri mpya aliyeyanunua kanipa filimbi na tochi, betri kasema nijitafutie. Tangu biashara iwe huria, vitu vyote vipo na hakuna kilichokamilika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilivaa miwani ya Adija, nikadhani umenitukana. Mara ya pili nikavaa yangu, nikaona kweli umenitukana.

Unasema Valentini, mwanao wa pekee uliyeachiwa na marehemu Lukas, kaondoka kwenda kuwa mwanamaji, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni pipa la kanisani. Unasema utapanda basi mpaka Dar es Salaam, usimame kwenye geti la kambi, umshike mkono na kurudi naye. Tena unauliza ni nani aliyemtilia sahihi kwenye fomu, maana sehemu ya mzazi wewe hukuijaza.

Hilo la fomu tutaliongea. Kwanza nikusimulie habari ya jogoo.

Mwaka 1979, Tomaso wangu alipochukuliwa na hao hao wanamaji, nilikaa wiki tatu nikashindwa. Nikafunga safari na jogoo hai kwapani, nikijua mtoto hali vizuri. Askari wa getini akaniuliza jogoo ni wa nani. Nikamjibu kwamba ni wa mwanangu. Akaniuliza mwanangu ana cheo gani. Wakati nafikiria cheo, jogoo akanichomoka, akaingia kambini, akakatiza katikati ya gwaride mbele ya mkubwa wao, na makuruta mia wakakatazwa kucheka. Tomaso leo ni sajini, ana watoto wanne, na mpaka leo kambi nzima inamwita Jogoo. Hayo ndiyo malipo ya mzazi kwenda getini.

Sasa nisikilize mimi niliyetangulia. Jeshi ni kumbi, Tekla. Valentini alipoingizwa jando ulimfuata kumbini? Hukumfuata. Ulinyamaza, ukaacha chumvi kama walivyoacha mama zetu, ukangoja, na mtoto akatoka mzima. Basi fanya vilevile. Miezi ya kwanza makuruta hawaandiki barua, kwa hiyo ukimya wake usikutishe. Wewe mwandikie. Ila usimwandikie machozi. Kuruta akisoma kwamba mama yake analia, siku hiyo analenga shabaha anapiga mawingu. Mwandikie nani kaoa, nani kaanguka kutoka kwenye mkorosho, kuku gani anaatamia mayai ya jirani.

Ni mimi kaka yako,
Xaveri, mzazi mzoefu


Mtama,
9 Februari 1993

Kaka Xaveri, shikamoo.

Mimi mzima, na kiuno pia. Msalimu sana wifi Adija, mwambie unene si aibu, aibu ni mume mwenye mdomo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini. Msimu huu walikuja wanunuzi binafsi watatu wa korosho, kila mmoja na mizani yake, na gunia moja lilikuwa na uzito wa aina tatu.

Nimefuata maneno yako. Nimemwandikia Valentini barua mbili, moja ya kuku na moja ya paa la kanisa lililong'oka. Chumvi nimeiacha tangu siku barua yako ilipofika. Umesema ni kumbi, basi nayafuata ya kumbini. Sigombani na mtu, na wewe unajua kazi yake kwangu.

Lakini kaka, Valentini haogelei. Mwezi wa nane alikuja kwako wiki tatu, akarudi kabadilika, anatembea kama mtu anayepanda ngazi. Mimi nikadhani ni samaki mlizomlisha.

Nitangoja mpaka Pasaka. Pasaka ikipita bila neno, nakwenda kumtoa. Sina mwingine.

La fomu hukunijibu. Nakuuliza tena.

Mdogo wako,
Tekla


Kiswere,
21 Machi 1993

Mdogo wangu mkali,

Nimefurahi kusikia hugombani na mtu. Nilimwambia Adija, akasema labda unaumwa.

Kwetu salama. Pacha mmoja wa mbuzi amekula karatasi ya mshahara wangu, nikamsamehe, hakula kingi.

Tomaso ameniandikia. Anasema amemwona Valentini kwa mbali akikimbia na wenzake. Amekonda, amekuwa mweusi kama sufuria, na kwenye foleni ya chakula hakuwa wa mwisho. Kuruta anayewahi foleni ni kuruta mwenye afya.

Kuhusu kuogelea tulia. Nilimfundisha mwenyewe. Siku ya kwanza nilimlaza kwenye dimbwi la chumvi, ambako maji ni mazito hata bibi arusi na mahari yake angeelea. Siku ya pili tukaenda baharini, na kwa kuwa alishaamini kwamba anajua, akajua.

La fomu ningelieleza leo, ila wino unaniishia.

Xaveri

Nimesahau: endelea na barua zako. Usimuulize lini atarudi. Muulize anafundishwa nini, ajione mtu mwenye la kusimulia. Mimi kosa langu kwa Tomaso lilikuwa kumuuliza kila barua kama amechoka, mpaka akaanza kuchoka. Na usimpelekee chakula. Ukipeleka korosho atazila afande wake, nawe hata hutamjua umshukuru.


Kiswere,
25 Aprili 1993

Tekla,

Salamu za Pasaka zilizochelewa. Tulikula pilau kwa jirani, huku kwetu kila sikukuu ni ya wote, na mimi kwa sikukuu sina dini ngumu.

Wiki sita sijapata barua yako. Wanasema barabara imekatika huko Mbwemkuru, magari yanalala pande zote mbili za mto. Huenda barua yako imo humo, inaliwa na mchwa. Au umekwenda Dar es Salaam bila kuniaga, umesimama getini na bata.

Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi. Nimezoea. Hata Adija ananiuliza mbona Mtama kimya.

Andika, hata tusi moja.

Xaveri


Mtama,
4 Mei 1993

Kaka, shikamoo.

Nguo zimekuja.

Jumatano baada ya Pasaka, basi lilimwachia Lusia wa dukani mfuko wenye jina langu kwa herufi kubwa. Kondakta hakumjua aliyeutuma, aliupokea Lindi kutoka kwa mwenzake. Barua hakuna. Ndani ni suruali ya Valentini, viatu vyake, na lile shati la mtumba lenye mananasi, lenye kiraka nilichokishona kwapani kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Zimefuliwa, zimekunjwa.

Mimi na wewe tumelelewa nyumba moja. Unajua kwamba zamani mtoto akifia kumbini mama haambiwi. Analetewa nguo za mtoto mlangoni, hakuna neno, na mwenye kuzileta hageuki nyuma. Tulikuwa tunacheza uani siku jirani yetu, mama yake Rosemary, alipoletewa za mwanawe wa kiume. Unakumbuka alivyoketi.

Nimenyoa nywele. Sijamwambia padri wala jirani, kwa sababu nikilitamka litakuwa limekuwa. Wanaona kichwa, wanadhani ni chawa.

Ulisema jeshi ni kumbi. Wewe ndiye mjomba, kazi hii ni yako. Nenda ukawaulize wamemlaza wapi.

Usinitanie katika hili.

Tekla


SIMU
Posta Lindi, 11 Mei 1993

VALENTINI MZIMA. NGUO NI DESTURI YA JESHI. KOSA LANGU. BARUA YAJA. XAVERI


Kiswere,
11 Mei 1993

Tekla,

Mtoto yu hai. Naanza na hilo, salamu zitangoja. Barua yako imefika asubuhi, na shemeji yangu Iddi nimemtuma Lindi na lori la chumvi akupigie simu ya maandishi, na barua hii aiposti hukohuko.

Kuruta akishapewa sare, nguo zake za nyumbani hazikai kambini. Zinarudishwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu. Jina hilo ni langu. Fomu niliitia sahihi mimi.

Mwezi wa nane Valentini hakuja kula samaki. Alikuja na ile karatasi ndani ya shati, akaniambia, “Mjomba, mama atakataa, na siku zimebaki tisa.” Kwetu mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, nami nikajiona mkubwa. Fomu iliandikwa “mzazi au mlezi”. Ningeweza kubaki na mlezi. Nikalifuta neno mlezi, nikajiandika mzazi.

Nguo zililetwa kwangu tarehe saba Aprili. Kukuandikia ingebidi nieleze kwa nini zimekuja kwangu, na mimi nilikuwa nauogopa ulimi wako. Nikazitia kwenye mfuko, nikazituma bila neno. Jina lako nilimwambia Iddi aliandike kwa ile brashi ya magunia, usiujue mkono wangu. Nikajiambia utafurahi kuliona shati.

Mama yake Rosemary nilikuwa nimemsahau. Nyinyi mlibaki uani mkimtazama. Mimi nilikwenda kwenye pilau ya waliotoka kumbini wazima.

Nilikuandikia barua za kukufundisha kuwa mzazi wa askari, na neno moja ulilolihitaji ndilo nililolificha. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitukane, lakini jibu.

Xaveri


Mtama,
23 Mei 1993

Kaka, shikamoo.

Simu nimeipata. Barua nimeipata. Nimezisoma zote mbili mpaka karatasi imelegea.

Shida yako, kaka, ni kwamba umenitania miaka hamsini. Mwaka 1986 ulileta simu kwamba umefariki. Nilikuja Kiswere na kanga ya msiba na nusu gunia la mchele, nikakukuta unachonga mpini wa jembe, ukasema ulikuwa na hamu ya kuniona. Mchele ukaula.

Sasa leo unaniambia mtoto yu hai. Nitajuaje kama ni kweli, au ni kaka ananibembeleza mpaka nywele ziote? Tomaso naye ni mwanao, atasema utakalo. Nataka macho yangu.

Gwaride lao la kuapa ni lini? Ninakwenda, hata kama itanibidi nipite chini ya geti. Na nikimkuta hai narudi naye, hilo lijue kabisa. Ulinichukulia sahihi yangu, hutanichukulia na mtoto.

Tekla


Kiswere,
20 Juni 1993

Mdogo wangu,

Gwaride ni Jumamosi tarehe 24 Julai, saa tatu asubuhi. Tomaso amethibitisha. Kila kuruta anaruhusiwa mgeni mmoja tu, yule aliyeandikwa kwenye fomu.

Kwa hiyo mgeni ni mimi. Sitakuficha, tangu mwezi wa nane nimeweka shati jeupe kwa ajili ya siku hiyo, na kila Ijumaa Adija analitoa kwenye sanduku kulipunga hewa. Atalipunga hewa tu.

Humu ndani kuna karatasi. Ionyeshe getini. Nimeiandika mwenyewe, sikumwomba mwalimu aninyooshee, ili wajue ni ya kweli: “Mimi Xaveri si mzazi wa kuruta Valentini. Niliandika uongo kwenye fomu yenu. Mzazi ni Tekla mwenye karatasi hii, aliyemzaa na kumlea peke yake. Nafasi ya mgeni mpeni yeye. Mkitaka kunifunga, nakaa Kiswere, kwenye chumvi, kila mtu ananijua.”

Ukishuka kwenye kivuko cha kwenda kambini Tomaso atakuwa anakungoja. Uende na viatu vya chini, mtasimama sana. Ukimwona Valentini kwenye mstari usimwite. Nakujua sauti yako, majeshi yote yatageuka.

Ukiamua kurudi naye sitasema neno, na hata nikisema usinisikilize. Ila kabla hujamshika mkono, mtazame kwanza anavyotembea.

Xaveri, mjomba tu


Mtama,
3 Agosti 1993

Kaka Xaveri, shikamoo.

Nimerudi salama. Nywele zimeota kidogo, wanasema nimekuwa kijana.

Getini sajini mmoja mnene aliisoma karatasi yako. Akamwita mwenzake, akaisoma tena kwa sauti, watu wote wa foleni wakisikia habari za uongo wako. Kisha akaniuliza, “Mama, huyu Xaveri ndiye yule wa jogoo?” Nikamjibu kwamba ndiye, ni kaka yangu tumbo moja. Akasema, “Pole mama. Pita.” Wakanipa benchi la mbele kabisa.

Walipoingia, kaka, wote walivaa nyeupe tupu, kofia moja, uso mmoja. Nikamtafuta nikamkosa. Nilikuwa na mfuko wa nguo mapajani, na tikiti mbili za basi za kurudi ndani ya kanga, na moyo ukaanza kuniambia ni uongo wenu wote. Halafu safu ya tatu ikageuka, na mmoja kisigino chake cha kushoto kikaenda nje kidogo, kama cha Lukas. Sikuita. Niliuma kanga.

Walipoachiwa alikuja mpaka mbele yangu akanipigia saluti. Nikamwambia ashushe huo mkono, nikamshika uso wote, masikio, shingo, mpaka wenzake wakatazama pembeni. Kisha nikatoa lile shati, nikamwambia alivae hapohapo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezipokea nguo bila mtu na nilitaka izione na mtu ndani. Akavua gwanda, akajaribu. Lilikwama mabegani. Kile kiraka changu kikaachia, praa, na uzi mwekundu ukaning'inia. Tukacheka mpaka Tomaso akaja kuuliza kuna nini.

Nikamuuliza Valentini kuhusu maji. Akasema walimfundisha upya kabisa, maana alichomfundisha mjomba kilikuwa ni kuzama polepole.

Nikamwonyesha tikiti mbili. Nikamuuliza kama anataka. Akatazama viatu vyake kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita. Akasema, “Nataka kubaki, Mama. Lakini nilitaka na wewe utake. Niliogopa kukuuliza.”

Kumbe mnafanana, wewe na yeye.

Nikamwambia anipeleke ofisini. Wakatoa ile fomu. Nikaiona ile kazi yako, mlezi kafutwa mara tatu na karatasi imetoboka. Afande akapiga mstari kwenye jina lako, akanipa kalamu, nami nikaandika langu mbele ya mwanangu, polepole, herufi zote. Sasa aliyewapa mtoto ni mimi. Nguo zikirudi tena, zitarudi kwangu moja kwa moja. Tikiti ya pili nilimpa mama mmoja wa Mingoyo ambaye mguu ulimuuma.

Sasa hukumu yako. Chumvi niliiacha miezi sita kwa ajili ya maneno yako. Kuanzia siku utakayopata barua hii unaiacha wewe, mpaka Valentini atakapopata likizo Desemba. Wifi Adija nimemwandikia barua yake mwenyewe, atasimamia.

Na lile shati nimekutumia wewe. Sahihi uliitia, basi livae.

Mdogo wako,
Tekla, mzazi


Kiswere,
16 Agosti 1993

Tekla,

Salamu nyingi. Mbuzi wazima, Adija mzima, na tangu apate barua yako anatembea ndani ya nyumba kama afande.

Ila umeniweza. Mfuko umefika siku tatu kabla ya barua. Kondakta kaushusha mlangoni, akaondoka, wala hakugeuka nyuma. Jina langu kwa herufi kubwa, neno hakuna. Nikafungua, nikaona mananasi, na kile kiraka kimechanika.

Mimi nilijua mtoto yu hai. Tomaso alishaniandikia hata habari ya kisigino, nikacheka peke yangu. Najua hayo yote. Hata hivyo niliketi pale pale kizingitini, nguo mapajani. Adija akaniita kula, chakula kikapoa. Siku tatu, Tekla. Wewe ulikaa karibu mwezi mzima.

Sitakutania tena kwa simu. Kwa barua, tutaona.

Shati limenikaa vizuri, mabega yangu hayajapanda cheo. Nimelivaa kazini, na wachimba chumvi wameanza kuniita Nanasi. Tomaso akisikia atasema deni la jogoo limelipwa.

Sasa mwandikie mpwa wangu aiharakishe hiyo likizo. Nachunga chumvi ya tajiri kuanzia asubuhi mpaka jioni, milima yake myeupe iko hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, nikipiga mluzi midomo inaipata kwenye upepo. Na Adija ananipakulia samaki wa maji matupu, anakaa mbele yangu, ananitazama ninavyotafuna.

Ni mimi,
Xaveri